Kuvundika, Kuloweka, Kuanika: Istilahi za Muhogo na Historia ya Utafiti wa Sumu Yake

Anayeingia sokoni Segerea, au Tabata, au Kinyerezi, ni nadra kusikia neno muhogo likisimama peke yake. Husikia muhogo mbichi, makopa, unga wa muhogo, kisamvu, na kisamvu cha mpira. Na akipita barabarani jioni hukuta muhogo wa kuchoma uliopakwa chumvi na pilipili, na muhogo wa kukaanga ambao vijana wa jiji wameubandika jina la chipsi dume. Kila jina lina matayarisho yake, na matayarisho hayo yana vitenzi vyake: kumenya, kuparuza, kuloweka, kuvundika, kutwanga, kuanika, kuchekecha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vitenzi hivyo si mapambo ya jikoni. Vimebeba tofauti ambazo elimu ya seli ilizifikia polepole, baada ya miaka mingi ya utafiti, na ambazo mfasiri au mwandishi wa istilahi akizifuta kwa neno moja la jumla huweza kumnyima msomaji wake maelekezo ambayo afya ya miguu yake inayategemea. Jambo hili la miguu si chumvi ya mwandishi, kama itakavyoonekana mbele.

Muhogo si mwenyeji wa asili wa nchi hizi. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukavushwa bahari ya Atlantiki na Wareno katika karne ya 16, na upwa wa Afrika Mashariki uliupata baadaye. Hata hivyo umekaa hapa muda wa kutosha kujipatia msamiati uliotokana na vitenzi vya Kibantu. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliuhesabu kuwa zao la akiba ya njaa na kuwalazimisha wakulima kuulima. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliurudisha tena midomoni mwa viongozi, pamoja na mtama na mazao mengine yanayovumilia ukame. Zao la njaa, kwa desturi, huhesabiwa kwa ekari. Habari ya kuliandaa huachiwa akina mama, kana kwamba haina elimu ndani yake.

Hapo ndipo penye mtego. Mmea wa muhogo unapokosa maji, kiasi cha sumu katika mizizi yake huongezeka. Na mwaka wa ukame ndio mwaka ambao watu huula kwa wingi zaidi, tena kwa haraka zaidi, kwa kuwa ghalani hamna kitu kingine.

Kwamba muhogo una sumu ni jambo walilolijua wapishi wake tangu huko ulikotoka. Wanakemia walichokitafuta ni jina la sumu hiyo na makao yake. Mwaka 1891 wanasayansi wawili, Jorissen na Hairs, walitoa katika mmea wa kitani dutu chungu wakaiita linamarini, kwa kuunga jina la Kilatini la kitani na neno la Kilatini lenye maana ya uchungu. Mwaka 1906 Wyndham Dunstan na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi London, walitoa dutu katika muhogo wakaiita phaseolunatini, kwa sababu walikwisha kuiona katika aina moja ya maharage yenye jina la kisayansi linalofanana na hilo. Baadaye ikadhihirika kwamba dutu hizo mbili ni kitu kimoja, na jina lililobaki ni linamarini. Kisa hiki kina faraja yake kwa watu wa istilahi. Tunapolaumiwa kwamba Kiswahili kina maneno mawili kwa dhana moja, na tunalaumiwa mara nyingi, yafaa tukumbuke kwamba wenye maabara nao wamekuwa na maradhi hayo hayo, wakapona kwa subira.

Jina lilipatikana mapema kuliko maelezo ya namna sumu inavyofanya kazi, na maelezo hayo hayaeleweki bila neno seli. Historia ya neno hilo yajulikana. Robert Hooke, katika kitabu chake cha 1665, alieleza alivyokitazama kipande chembamba cha gome la kutengenezea vizibo kwa hadubini, akaona vijumba vitupu vilivyopangana, akavipa jina la Kiingereza la vyumba vidogo kama vile wanavyoishi watawa. Matthias Schleiden mwaka 1838 na Theodor Schwann mwaka 1839 walitangaza kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa vijumba hivyo. Mkazi wa Segerea huenda akatabasamu hapa. Gereza lililoko mtaani kwake limelifanya jina la Segerea lijulikane nchi nzima, na chumba cha mahabusu watu wa Tanzania hukiita selo. Selo na seli ni ndugu wa tumbo moja, wote wana wa neno moja la Kilatini; ila mmoja aliingia katika lugha yetu kwa mlango wa polisi na mwingine kwa mlango wa maabara.

Neno seli halikukuta kiti kitupu. Chembe ilikuwapo, na chembechembe, na chembe hai. Mpaka leo twasema chembe nyeupe za damu, wala hilo si kosa la kumsahihishia mtu. Walakini chembe ni ya mchanga pia, na ya nafaka, na ya atomu. Kuna hata chembe cha moyo, ambacho ni sehemu ya kifua. Neno lenye mizigo mingi kiasi hicho ni zito kulivika viambishi na kulifanya mzazi wa maneno mengine. Seli imezaa bila taabu: ukuta wa seli, utando wa seli, na, lililo zuri kuliko yote kwa maoni yangu, selimundu, jina la ugonjwa wa damu ambao seli zake huchukua umbo la mundu. Aliyeunga maneno hayo mawili aliuweka mundu wa mkulima pembeni ya hadubini, na msomaji wa kijijini akapata picha kabla hajapata maelezo.

Basi tuingie ndani ya seli ya muhogo. Kwa nje ina ukuta, ndani ya ukuta mna utando, na ndani zaidi mna mfuko mkubwa wa majimaji uitwao vakuoli. Linamarini imehifadhiwa katika mfuko huo. Kitu kinachoweza kuivunja ni kimeng'enya kiitwacho linamarasi, nacho hukaa nje, katika ukuta wa seli. Maadamu seli ni nzima, viwili hivyo havikutani. Panya akiung'ata mzizi, au kisu kikiukata, au mchi ukiupiga, kuta na mifuko hupasuka, na linamarasi huikuta linamarini. Hapo linamarini hukatika ikawa sukari na dutu ya kati iitwayo sianohidrini. Na sianohidrini nayo, ikipewa muda, hukatika ikatoa haidrojeni sianidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Maana yake ni kwamba jua la kawaida la Dar es Salaam latosha kuigeuza mvuke ikapotea hewani.

Kwa hiyo muhogo uliomo ardhini hauna sumu iliyo tayari. Una ghala na ufunguo, vilivyowekwa katika vyumba tofauti. Mpishi hana budi kuvikutanisha viwili hivyo nje ya tumbo la mlaji, kisha angoje mpaka kilichotoka kiondoke.

Neno kimeng'enya lastahili kusifiwa kwa kupita. Kumeng'enya ni kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, kama mtu ameng'enyavyo mkate kwa vidole. Lugha za Ulaya zilichukua jina la kitu hiki kutoka katika Kigiriki, kwa maana ya kilichomo katika chachu, kwa kuwa huko ndiko kilikochunguzwa kwanza. Kiswahili kilitazama kazi badala ya mahali, na nadhani kilitazama vizuri zaidi.

Sasa tuvirudie vitenzi. Kutengeneza makopa ni kuumenya muhogo, kuupasua, na kuuanika. Mtu asiyejua habari za seli angedhani kwamba kadiri vipande vinavyokuwa vyembamba na jua linavyokuwa kali, ndivyo sumu itakavyoisha upesi. Uchunguzi umeonyesha kinyume chake. Vipande vinavyokauka haraka hubakiza linamarini nyingi zaidi kuliko vinavyokauka polepole, kwa sababu kimeng'enya chahitaji unyevu ili kifanye kazi, na seli zilizokauka zikiwa nzima zimefunga ghala na ufunguo papo hapo. Kuanika, kwa hiyo, hakutoshi kuwa jina la tiba.

Kuloweka ni jambo jingine. Muhogo uliolowekwa siku tatu au nne huwa laini, hata ukauminya kwa mkono. Vijidudu vilivyomo majini vimezilegeza kuta za seli, linamarasi imeipata linamarini, na sehemu ya sumu imeyeyukia majini. Kuvundika ni jambo la tatu: muhogo uliomenywa hurundikwa na kufunikwa, kuvu huota juu yake na kupenya ndani, na kuvu hiyo ndiyo inayozibomoa seli, kabla ya kukwanguliwa na muhogo kuanikwa. Katika Kanda ya Ziwa muhogo uliovundwa na kukaushwa huitwa udaga. Liko pia jina kivunde, la muhogo uliochachushwa, ambalo limeingia katika majarida ya kimataifa ya vijidudu vya chakula bila kubadilishwa herufi. Tazama umbo lake: ki- mbele, kitenzi cha kazi katikati. Ni umbo lile lile la kimeng'enya. Kivunde hakikuundwa na kamati.

Kutwanga kisamvu nako kuna elimu yake. Majani ya muhogo kwa kawaida yana linamarini nyingi kuliko mizizi, na pia yana linamarasi nyingi. Mama anayeyatwanga kinuni mpaka yakalainika kabisa, ndipo akayachemsha, amefuata mpango wa mwanakemia hatua kwa hatua. Angeyachemsha kwanza na kuyatwanga baadaye, moto ungekiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini ingebaki. Kwa sababu hiyo hiyo kuchemsha peke yake si dawa ya muhogo mchungu, ijapokuwa kwafaa kwa muhogo mtamu ambao linamarini yake ni kidogo na nyingi yake imo katika ganda linalotupwa.

Utafiti wa muhogo katika nchi yetu, lakini, haukuanzia jikoni. Ulianzia shambani, kwenye majani yaliyojikunja. Mwaka 1894 mwanabotania wa Kijerumani Otto Warburg aliandika habari za ugonjwa wa muhogo aliouona katika nchi iliyoitwa wakati huo Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Ndio ugonjwa tunaouita batobato. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, na Waingereza wakakirithi. Hapo H. H. Storey alianza katika miaka ya 1930 kazi ya kutafuta mbegu zinazokinza virusi, na mwaka 1936 akaeleza ugonjwa wa pili, ule wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mzizi ardhini huku majani yakionekana ya kuridhisha. Storey na R. F. W. Nichols, na baada yao D. L. Jennings, waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini na wa mashambani, mmojawapo akiwa ule mti wa mpira ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu. Soko la mpira huo lilianguka, bali mti ulibaki vijijini na mijini kwa ajili ya majani yake, ndiyo hicho kisamvu cha mpira cha sokoni Segerea. Mbegu za uzao mmoja wa Amani, wenye namba 5318/34, zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na kwa njia hiyo ukinzani uliotafutwa Usambara ukaingia katika mihogo ya taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki ya Ibadan, na kutoka huko ukaenea sehemu nyingi za Afrika.

Msomaji asimchanganye Warburg huyo na Otto Warburg mwingine, mwanabiokemia, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1931. Lakini hata akiwachanganya, atakuwa amekosea kwa namna yenye mafunzo, kwani huyu wa pili alituzwa kwa kueleza kimeng'enya cha upumuaji wa seli, na mojawapo ya zana zake za uchunguzi ilikuwa sianidi, ambayo hukizuia kimeng'enya hicho. Mmoja aliuangalia muhogo ukiugua. Mwingine, bila kuufikiria muhogo, alieleza kwa nini sumu yake huua. Sianidi haizuii hewa kuingia mapafuni. Huzuia seli kuitumia hewa iliyokwisha kufika.

Amani iliuliza swali la mavuno. Swali la ulaji lililetwa na wagonjwa. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza habari za watu wa Kwango, katika Kongo ya Kibelgiji, waliopooza miguu ghafula. Wenyewe, kwa Kiyaka, waliuita ugonjwa huo konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya elfu moja, wengi wao watoto na wanawake, walipooza hivyo hivyo katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Daktari kijana wa Kiswidi, Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuwa miongoni mwa waliouchunguza mlipuko huo. Mwaka 1985 ukazuka Tarime, mkoani Mara, ukachunguzwa na William Howlett akishirikiana na Rosling na watafiti wengine. Mmoja wao alikuwa Mtanzania, Nicholas Mlingi, wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1973.

Mgonjwa wa konzo hulala mzima, au hutembea mzima asubuhi, kisha miguu yote miwili hukakamaa. Hazidiwi baadaye, lakini pia haponi. Akili hubaki timamu. Huenda akatembea kwa ncha za vidole, au kwa fimbo, au asitembee tena kabisa.

Kazi ya Mlingi ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa kuwa aliuliza swali la vitenzi. Mwaka 1988, wakati wa upungufu wa chakula, watu wa wilaya ya Masasi walipata sumu baada ya kula ugali wa muhogo: kizunguzungu, kutapika, kuishiwa nguvu. Muhogo mchungu wa huko kwa desturi hutengenezwa makopa, na makopa hutaka majuma. Njaa haingoji majuma. Watu waliuponda muhogo mbichi, wakauanika, wakauponda na kuuanika tena, wapate unga wa kula upesi, waliita chinyanya. Mlingi na wenzake waliufuatilia unga huo hatua kwa hatua, wakapima si sumu kwa jumla tu bali linamarini mbali, sianohidrini mbali, na sianidi mbali. Alikamilisha tasnifu yake juu ya utayarishaji wa muhogo na sumu ya sianidi katika mlo wa Tanzania huko Uppsala, Uswidi, mwaka 1995.

Upimaji huo wa sehemu tatu waonyesha jambo ambalo neno kukausha lisingeweza kulionyesha. Waliotengeneza chinyanya walikuwa wamezivunja seli barabara. Ghala na ufunguo vilikutana. Kilichokosekana ni muda: sianohidrini, ile dutu ya kati, hukauka pamoja na unga ikasubiri, na humaliza safari yake ndani ya mlaji. Kwa makopa yaliyokaushwa haraka hatari ni linamarini iliyofungiwa. Kwa unga uliopondwa haraka hatari ni sianohidrini iliyokwama njiani. Hatari mbili, na kila moja yahitaji neno lake katika maelekezo. Hata Kongo, barabara nzuri ilipofungua biashara ya muhogo kwenda Kinshasa, watafiti waliona wauzaji wakipunguza usiku wa kuloweka kutoka mitatu hadi mmoja. Njaa na soko vyote viwili huharakisha, na mtu anapoharakisha hukata kile asichoambiwa kazi yake.

Lipo pia jambo la mboga. Mwili waweza kuigeuza sianidi ikawa thiosianati na kuitoa kwa mkojo, lakini kwa kazi hiyo wahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini. Anayekula muhogo kwa samaki, dagaa au kunde ana silaha. Anayekula muhogo peke yake, majuma kwa majuma, hana. Neno protini limeshinda siku hizi, lakini liliwahi kuwa na mshindani, utomwili. Sioni sababu ya kulilia utomwili, ijapokuwa mpinzani wake alikuwa mgeni. Neno protini laandikwa kwenye pakiti na kwenye kitabu cha shule, na mgonjwa hulisikia hospitalini. Kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 iliwafundisha watu wazima kuyapanga makundi ya vyakula kwa kazi zake mwilini, yaani vya kujenga, vya kutia nguvu, vya kulinda. Kujenga ni kitenzi ambacho hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Ila kwa habari ya muhogo hakikutosha, kwani hapa chakula hicho cha kujenga kina kazi ya pili ya kuondoa sumu, na kazi hiyo haikuwa na jina.

Nafika kwenye neno ninalolishuku. Kusindika, asili yake, ni kukamua kwa kushindilia: mafuta husindikwa, na miwa. Leo usindikaji umepanuka ukameza kila kitu kinachofanywa kwa chakula baada ya mavuno, kuanzia maziwa hadi korosho. Kwa jina la idara, au la kiwanda, au la sheria, halina ubaya. Serikali yahitaji maneno mapana. Lakini karatasi ya maelekezo inayomwambia mkulima wa Masasi ausindike muhogo vizuri kabla ya kuula haijamwambia kitu. Yeye ana vitenzi saba, nasi twampa kimoja. Nimewasikia wenzetu wakitetea kwamba istilahi lazima iwe moja kwa kila dhana. Ni kweli. Lakini kuloweka na kuvundika si dhana moja: kimoja humaliza kazi kwa maji, kingine kwa kuvu, na kosa katika kila kimoja lina dalili zake. Kanuni ya istilahi moja kwa dhana moja inatetea vitenzi saba, haiviangamizi.

Na neno endelevu? Limejengwa vema, kwa njia ile ile iliyotupa tulivu na vumilivu, na dhana yake ilipata nguvu duniani baada ya ripoti ya tume ya Brundtland ya mwaka 1987. Huunganishwa na kilimo kila siku. Nimeliona kwa nadra sana likiunganishwa na ulaji, na muhogo watuonyesha hasara yake. Katika Mikocheni, wilaya ya Kinondoni, kituo cha utafiti wa kilimo kimefanya kazi kubwa juu ya virusi vya batobato na michirizi. Joseph Ndunguru aliongoza huko mradi wa kuvitambua virusi hivyo katika nchi kadhaa za Afrika, na baadaye wanasayansi walifika na mashine ndogo za kusoma vinasaba hadi shambani kwa mkulima. Muhogo usiougua huleta mavuno endelevu. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, konzo ilizuka tena mikoani Mtwara na Ruvuma. Zao lilikuwapo. Muda wa kuliandaa ndio uliokosekana.

Wala haifai kuwaambia watu waache muhogo mchungu. Utafiti uliofanywa Malawi na Linley Chiwona-Karltun ulionyesha kwamba wanawake huuchagua kwa makusudi, kwa kuwa wezi na wanyama huuogopa. Uchungu ni boma la shamba lake. Kwa hiyo istilahi muhogo mchungu isitafsiriwe kana kwamba ni lawama, na wala isichukuliwe kuwa kipimo, kwa kuwa ulimi huweza kudanganyika: kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo hakiruhusu zaidi ya miligramu 10 za sianidi katika kilo, na kiasi hicho hakionjwi kwa ulimi.

Limebaki neno moja ambalo bado linaandikwa ovyo. Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia aliyeshirikiana na Mlingi katika kuchunguza milipuko ya Mtwara na Ruvuma, alibuni njia ya kuusafisha unga ambao tayari umekwisha kusagwa. Unga hutiwa katika bakuli na kimo chake kutiwa alama. Maji huongezwa na kukorogwa, kimo hushuka, na maji huongezwa tena mpaka kimo kirudi kwenye alama. Kisha rojo hilo hutandazwa juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, na siku hiyo hiyo hupikwa ugali. Unyevu hukiamsha kimeng'enya kilichobaki, nayo sumu huruka. Katika kijiji cha Kay Kalenge, Kongo, wanawake walifundishwa njia hiyo mwaka 2010, na hapakutokea mgonjwa mpya wa konzo katika muda wa uchunguzi uliofuata.

Kwa Kiswahili nimekuta njia hiyo ikiitwa kuloweka unga. Kuloweka ni kukitia kitu katika maji kikae humo. Mpishi wa Segerea akiambiwa aloweke unga, atauzamisha, na kesho yake atakuwa na uji uliochacha usioweza kutandazwa. Kinachotakiwa ni kulowanisha: kukitia unyevu kitu mpaka kilowane, pasipo kukizamisha. Vitenzi viwili hivi vimetoka shina moja, na mtoto wa darasa la pili anajua tofauti yake akiwa anafua. Pendekezo langu kwa wanaotayarisha vipeperushi na vitabu vya lishe ni kwamba njia hii iitwe kulowanisha unga, na kwamba neno kuloweka libaki kwa mizizi.